Karata Dhaifu na Ng'ombe Aitwaye Bihogo

Jumatatu, 8 Juni 1953

Leo nimeungama. Miaka sitini na tano ya dhambi kwa saa moja na nusu! Padri alikaa kwenye kigoda cha marehemu mke wangu, akasinzia mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kwenye dhambi nilizozionea fahari.

Kifua kimechoka. Mganga wa zahanati amesema mwezi mmoja, labda miwili nikiacha tumbaku. Sijaacha. Adventina, binti yangu, alimpelekea Padri habari kwamba baba anaondoka, naye akaja na pikipiki yake, vumbi hadi kwenye nyusi. Siondoki leo. Lakini nimeona afadhali nianze kufungasha.

Nikasema yote. Pombe, ulimi mkali, barua niliyomwandikia shemeji yangu mwaka wa nzige. Padri akayapitisha kama mtu anayepepeta maharage. Kisha nikafika kwenye ng'ombe. Akaamka.

Jambo lenyewe ni hili, na ni mara ya kwanza naliandika. Mwaka 1932 nilikuwa karani katika machimbo ya bati upande huu wa Kyerwa. Fundi mitambo mmoja, Mzungu mpole, alitufundisha poka. Kila mtu hupewa karata tano, huweka dau, hubadilisha asizozitaka, huongeza dau akipenda, kisha wote huonyesha. Anayeona zake hazifai huzitupa, na dau lake linabaki mkekani. Tulikuwa sita. Jumapili moja mchana Muhangi, mfugaji wa mbugani, aliweka dau mtamba wake, mwekundu wa kukolea. Jina lake Bihogo. Nikamshinda kwa ree tatu. Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote. Mbili nilipewa kwa halali. Ya tatu, ree ya kopa, ilitoka kwenye kitabu changu cha sala, na kabla ya hapo ilitoka kwenye seti nyingine ya fundi, yenye mgongo uleule wa buluu.

Bihogo akazaa, na mwanawe akazaa. Aliyeko zizini leo ni mjukuu, naye tunamwita Bihogo.

Padri amesema atarudi Jumamosi tarehe 27. Kabla ya hapo nimrudishie Muhangi ng'ombe wake na nimwambie kwa nini. Bila hivyo haniondolei dhambi hata moja.

Kurudisha, sawa. Kumwambia, hapana! Nimekaa baraza la wazee miaka kumi na miwili. Nimewahukumu watu kwa kuku mmoja aliyepotea. Na hapa kwetu ng'ombe hatolewi kimya. Wazee hukaa, rubisi hunywewa, mtoaji husimama na kusema sababu mbele ya wote, na mpokeaji huuliza mpaka aridhike. Nisimame nikohoe sababu hiyo? Bora nife na deni la mbinguni.

Lakini kichwa bado kinafanya kazi. Nimepata njia. Ng'ombe aliyekuja kwa karata atarudi kwa karata. Nitashindwa! Aliyeshindwa haombwi hotuba.


Jumatano, 10 Juni

Siku ya karata. Tunacheza alasiri, barazani kwangu. Mimi nimeegemezwa kwa mito kama mfalme aliyepinduliwa.

Zamani sita, sasa watatu. Fundi alirudi Ulaya, mpima ardhi akarudi Bukoba, Placidius tulimzika baada ya Pasaka. Tumebaki mimi, Muhangi, na Projest fundi cherehani, ambaye husubiri karata nzuri kama anavyosubiri mchumba mzuri. Hajaoa.

Niandike mafundisho yangu hapa, yasije yakafa nami. Mkiwa sita, karata dhaifu zitupe, maana kati ya wale watano wengine hakosi mwenye kitu. Mkiwa watatu, mara nyingi hakuna mwenye kitu. Hapo jozi ya karata za nne ni utajiri, na karata moja ya bibi isiyo na mwenzake ni mtaji. Anayengoja karata nzuri watu wakiwa wachache, dau humwishia akiwa anangoja. Nimeyafundisha haya tangu tulipobaki wanne. Projest hucheka. Husema, Mzee Karani, karata dhaifu ni dhaifu hata ukicheza na mbuzi. Muhangi hutafuna kahawa.

Kwa hiyo mpango ni mwepesi. Nicheze kila takataka, kama kawaida yangu. Nikiisha kushindwa kahawa zote, niweke dau Bihogo kwa hasira ya mshindwa. Hakuna atakayeshangaa. Wamenijua hivyo miaka yote.

Dau letu la kila siku ni kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya viungo ikakaushwa. Kila mmoja huja na zake. Karata za kwanza nikapata mbili, nne, saba, tisa na bibi. Hakuna uhusiano wowote kati yao. Safi kabisa! Nikabaki na nne na bibi, nikabadilisha tatu. Ikaja nne nyingine. Nikaongeza dau. Projest akatupa zake. Muhangi akatazama karata zake kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akatupa.

Nimecheza takataka mara saba. Nimeshinda mara sita. Kikapu kimejaa.

Nasikitika sana. Lakini nilisema au sikusema? Nilisema tangu mwanzo!


Alhamisi, 11 Juni

Wageni wamekuja kunijulia hali, watu tisa kutoka Isingiro. Adventina akawapitishia kikapu, kama desturi inavyotaka. Mgeni hakai kwako kinywa kitupu. Wametafuna ushindi wangu wote. Mmoja akasema kahawa ya nyumba hii ni nzuri sana. Ni ya Projest, nikamwambia.

Jioni nimegundua kosa katika mpango. Projest! Nikiweka dau Bihogo tukiwa watatu, anaweza kushinda yeye. Ng'ombe wa Muhangi kwenye zizi la fundi cherehani! Nimwibie mtu mara mbili, tena mara ya pili bila faida?

Lazima Projest asiwepo. Nimemwita usiku huuhuu. Nimemwagiza kanzu ya maziko, ya kitambaa cheupe kizito, ishonwe kwa mkono kwenye ukosi na kwenye pindo, iwe tayari kabla ya Jumatano ijayo kwisha. Machozi yakamlenga. Akasema, Mzee, kwa heshima hii sitagusa karata mpaka niimalize. Akanipima. Akasema nimepungua.


Jumatano, 17 Juni

Tulikuwa wawili. Mimi na Muhangi. Projest anashona.

Nikasema tuache kahawa, leo tuweke kitu. Mimi Bihogo, yeye chochote. Akauliza chochote ni nini. Nikasema mbuzi. Akaangalia zizi, akaangalia mbingu, akauliza kama homa imepanda. Nikamwambia mtu anayekufa huwa mkarimu. Akasema wengi aliowaona wakifa walikuwa wanahesabu vijiko. Lakini akakubali.

Karata zangu zilikuwa mbili, tatu, tano, nane na tisa, za aina zote nne. Katika maisha yangu sijawahi kuona ubaya uliokamilika namna ile. Ningeweza kuzitupa palepale, na ng'ombe angekuwa wake. Naliandika hili kwa sababu Adventina ameniuliza baadaye kama nimerukwa na akili. Hapana. Kushindwa ni jambo moja, kutupa ni jambo lingine. Mkekani mkiwa wawili, mtu hatupi! Hata kama ana mbili, tatu, tano, nane na tisa. Nimefundisha hivyo mbele ya mashahidi, na sitakufa nikiwa nimeyakana mafundisho yangu kwa ajili ya ng'ombe.

Tena nikitupa karata dau likiwa ng'ombe, Muhangi atajua ni zawadi. Zawadi ina maswali.

Kwa hiyo nikakaa nazo. Sikubadilisha hata moja, nisije nikapata jozi kwa bahati mbaya. Muhangi akabadilisha moja. Akazikusanya, akazipanga, akanitazama usoni kama mtu anayesoma kibao cha njia panda. Nikafumba macho, nikangoja aonyeshe.

Akatupa.

Akasema mtu asiyebadilisha karata hata moja si wa kuchezewa. Akaenda kufungua mbuzi wake, akamleta, akamfunga kwenye nguzo ya baraza yangu, akaaga.

Nilikuwa na ng'ombe wa wizi. Sasa nina ng'ombe wa wizi na mbuzi.


Alhamisi, 18 Juni

Mbuzi amekula tumbaku yangu yote. Mganga wa zahanati angefurahi.

Adventina amechukia. Amesema, Tata, watu wakiona mauti wanagawa, wewe unakusanya. Nikamwambia asiingilie mambo ya wanaume. Akasema mambo ya wanaume yamekula pia mche wake wa parachichi.

Pumzi ni fupi leo. Siku tisa zimebaki kabla Padri hajarudi.

Najiuliza kwa nini Muhangi hutupa. Miaka hii yote anacheza hivyohivyo. Ana uoga tangu 1932, nadhani. Hiyo nayo ni juu yangu. Sijaiungama, sikujua iingie fungu gani.


Jumapili, 21 Juni

Sikuweza kwenda kusali. Nimelala na kitabu cha sala kifuani, na ree ya kopa imo ndani, inashika ukurasa wa sala ya kutubu. Imekaa humo tangu siku ile. Sikuwahi kuichoma. Mara chache niliifungulia nikaitazama, kama mtu anavyotazama kovu.

Nikiwa naitazama, wazo likaja. Wazo zuri mno. Niliiba ili nishinde. Nitaiba ili nishindwe! Wizi wa pili unafuta wa kwanza, na hesabu inakaa sawa. Nitazipanga karata kabla, nimpe Muhangi ree tatu mkononi. Hakuna binadamu anayetupa ree tatu. Hata Muhangi.


Jumatano, 24 Juni

Nitaandika polepole.

Asubuhi nikazitandaza karata kitandani nizipange. Macho yangu si yale. Nikaona ree ya shupaza, nikaona ree ya uru. Ya tatu nikaitafuta, nikasikia Adventina anakuja na uji. Haraka nikachomoa ile ya kwenye kitabu, nikaziweka tatu mahali pake, nikafunika na blanketi. Nikanywa uji kama mtu mwadilifu.

Muhangi akaja alasiri. Nikasema dau la leo ni Bihogo, na mbuzi wake juu, kwa fimbo yake tu. Hakuuliza kuhusu homa safari hii. Akailaza fimbo kwenye mkeka.

Kabla sijagawa, wageni. Projest na kanzu mkononi, imechelewa juma zima, nipate kuijaribu. Nyuma yake Novatus katekista, amekuja kunisomea zaburi. Wakapewa kahawa, wakakaa kutazama. Nikasema vema. Mashahidi wataona nikishindwa kwa haki.

Nikagawa. Muhangi akazifungua moja moja. Akafika kwenye moja, akasimama. Akaipapasa pembe yake kwa kidole gumba, taratibu. Nilidhani ni furaha.

Akaomba karata mbili. Nikampa za juu, zile ambazo sikuzipanga. Akaziona. Sasa atatupa, nikasema moyoni, atatupa tena na Mungu anione! Hakutupa. Aliziweka mkekani, uso juu, kila moja peke yake.

Ree ya shupaza. Ree ya uru. Ree ya kopa. Sita ya pau. Ree ya kopa.

Novatus aliacha kutafuna.

Projest ndiye aliyesema kwanza. "Kopa mbili! Muhangi, na mvi zako hizo, unamwibia mtu aliye kitandani?"

Novatus akasema jambo hili si dogo. Akasema lazima lifike kwa wazee leo hiihii, kwamba mtu anayemwibia mgonjwa hakai na watu kwenye kilio wala kwenye harusi. Projest akaongeza kwamba sasa anaelewa kahawa zake zilikuwa zinakwenda wapi. Si kweli, kahawa zake nilizishinda mimi.

Muhangi angeweza kusema aliyegawa ni mimi. Mtoto angeona hivyo. Aliweka mikono juu ya magoti, akanitazama, basi.

Naungama, kwa hiyo naandika lilivyokuwa. Nilihesabu. Nikinyamaza, ng'ombe atabaki, jina langu litabaki, na Muhangi atakuwa mwizi mpaka kaburini. Watu wataniamini mimi. Sikuzote wameniamini mimi. Nilivuta pumzi tatu nikiwa nalipima hilo, na kwangu siku hizi pumzi tatu ni kazi.

"Hiyo ree ni yangu," nikasema. "Leo imetoka kwenye kitabu changu cha sala. Mwaka 1932 ilitoka humohumo. Bihogo sikumshinda. Nilimwiba."

Projest akakaa chini. Akakalia kanzu yangu.

Muhangi akaingiza mkono kwenye kikapu, akachagua kahawa moja, akaipasua kwa meno. Ndani zimo punje mbili, kama kawaida. Moja akaila. Moja akaniwekea ulimini, kama walivyofanya baba zetu walipofanya udugu.

"Nimengoja neno hilo miaka ishirini na moja, Apolinary," akasema.

Siku zote ameniita Karani.


Alhamisi, 25 Juni

Muhangi amekuja asubuhi kumchukua Bihogo na mbuzi. Bila rubisi, bila wazee. Novatus alikwisha kuwaambia wazee wote jana, na wake zao, na kijiji cha jirani.

Akakaa kidogo. Amenieleza. Siku ile ya 1932 alikuwa na jozi mbili, za wafalme na za sita, na karata moja ya ziada. Ile ya ziada ilikuwa ree ya kopa. Akaitupa ili abadilishe. Ilikuwa imelala chini ya goti lake nilipoweka mkekani ree zangu tatu, ya kopa ikiwamo. Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Akasema mimi nilikuwa na kalamu, yeye alikuwa na fimbo. Nani angemwamini? Na baadaye nikawa mzee wa baraza, tena nikamhukumu ndugu yake kwa kuku.

Nikamuuliza kwa nini aliendelea kuja kila Jumatano. Akasema alikuja kunitazama usoni kila nikishika kopa.

Na jana aliitambua kwa pembe. Ina tone la nta ya mshumaa. Miaka ishirini na moja ninayo, sikuwahi kuliona tone hilo.

Kisha akasema jambo ambalo limeniumiza kuliko yote. Akasema haya majuma mawili alijua nataka kushindwa, na hakutaka. Kama angemshinda ng'ombe wake, angekosa neno lake. Kwa hiyo alikuwa anatupa. Siku ile ya nne zangu mbili, yeye alikuwa na bibi watatu. Siku ya mbuzi, alikuwa na wafalme wawili na saba mbili. Alitupa! Anazikumbuka zote. Kwa miaka ishirini na moja, akasema, ametupa karata nzuri mbele yangu zaidi ya alizoonyesha, maana hakutaka kucheza dau la kweli na mtu ambaye hajasema.

Ina maana karata zangu dhaifu hazikuwa zinashinda. Zilikuwa zinaachiwa.

Nimelala nikitazama ukuta mpaka mchana.

Baada ya chakula nikapata nguvu. Si kweli. Hesabu ni hesabu. Watu watatu, karata hamsini na mbili. Kwamba Muhangi alitupa kwa sababu zake binafsi hakuthibitishi kwamba asingetupa kwa sababu nyingine.


Jumamosi, 27 Juni

Padri amekuja. Njia nzima walimsimulia, akafika anajua kuliko mimi. Akaniuliza kama nimetubu wizi. Nikasema nimetubu, kutoka moyoni, na nililia kidogo, nadhani yalikuwa machozi ya kweli. Akaniuliza kama nimetubu kucheza. Nikamwambia kuiba ni dhambi, kucheza karata dhaifu watu wakiwa wachache ni elimu. Akafikiri. Akasema hilo si dhambi, ni upumbavu, na Kanisa halina sakramenti yake.

Akaniondolea dhambi. Akanipaka mafuta. Akaichukua ree ya kopa ili aiharibu. Alipokuwa anapanda pikipiki nilimwona akiitia kwenye kitabu chake kushika ukurasa.

Nimelala usingizi mzuri.


Jumatano, 1 Julai

Bado nipo.

Muhangi alikuja, kama kawaida. Projest ameapa hatagusa karata nyumbani humu, ametusamehe lakini hana imani nasi. Kwa hiyo tulikuwa wawili. Wawili! Hali bora kuliko zote. Watatu ni wachache, wawili ni karibu na kutokuwepo mtu.

Muhangi ametangaza kwamba sasa, kwa kuwa limesemwa, atacheza kwa kweli. Hatupi tena. Nikasema vizuri. Leo ndipo mafundisho yatapimwa bila hila.

Nikaanza na jozi ya tatu. Yeye jozi ya tisa. Nikaendelea na bibi peke yake. Yeye bibi wawili. Nikacheza saba na mbili, si kwa sababu ni nzuri, bali kwa sababu ni lazima mtu aanze mahali. Kahawa zimekwisha kabla jua halijafika kwenye mgomba wa kwanza. Ikafuata miwani. Ikafuata kigoda. Adventina akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

Kisha nikaweka kanzu ya maziko.

Imemkaa Muhangi vizuri mabegani, ila kifuani inambana. Anasema ukosi umeshonwa kwa heshima.

Adventina ameniuliza, Tata, sasa tutakuzika na nini? Nikamwambia atulie. Mafundisho hayajashindwa, karata ndizo zilizoshindwa. Mara sita mfululizo mtu kushindwa kwa karata dhaifu maana yake ni kwamba ya saba inadaiwa. Muhangi akasema yeye hana haraka, jua bado lipo, na kama nimechoka tunaweza kuacha.

Kuacha! Tukiwa wawili!

Amegawa. Nimeziinua hizi hapa, naandika huku nimezishika kwa mkono wa kushoto. Mbili, nne, sita, nane, na ghulamu wa pau. Hakuna hata mbili zinazosalimiana. Muhangi anangoja, anatafuna kahawa iliyokuwa yangu, ndani ya kanzu iliyokuwa yangu. Ameniuliza kwa upole dau litakuwa nini, maana haoni tena kitu barazani.

Nimeweka kitanda, nami nikiwa juu yake.